Rudisha Nyuma Kidogo

"Gari limepona!"

Aliyepiga kelele alikuwa mtoto wa fundi viatu, na alikuwa amekaa chini kabisa, mbele ya mabenchi, pale wanapokaa waliolipa nusu. Ilikuwa mwaka 1998, ndani ya kibanda umiza kimoja cha Babati, si mbali na stendi. Kuta za mabanzi, madirisha yamezibwa kwa magunia, televisheni ndogo imepandishwa juu ya meza iliyopandishwa juu ya meza nyingine. Nje jenereta linanguruma. Ndani, Arnold Schwarzenegger ametoka kumwachia adui mmoja aanguke bondeni, na sasa anataka kuondoka na gari la marehemu.

Gari lenyewe ni Porsche ya njano. Muda mfupi kabla ya hapo lilikuwa limelala ubavu, upande wake wa kushoto umepondeka kama debe lililokanyagwa na ng'ombe. Arnold analisukuma kwa mikono mpaka linasimama kwa magurudumu yake, anaingia, anawasha, anaondoka. Upande wa kushoto hauna hata mkwaruzo. Sinema hiyo ni Commando, ya mwaka 1985, na kosa hilo ni maarufu duniani kote. Sisi hatukujua kama ni maarufu. Tulidhani ni letu.

Mwenye kibanda akabonyeza deki, mkanda ukarudi nyuma ukilia kama panya, tukaangalia tena. Ubavu umepondeka. Ubavu mzima. Akarudisha tena, kwa sababu hata yeye alikuwa hajawahi kuliona, na mkanda ule alikuwa ameuonyesha tangu mwaka uliotangulia. Kuanzia siku ile tukawa na mchezo wetu ndani ya mchezo. Steringi haangaliwi kwa ustadi wowote. Kila mtu anajua hafi. Heshima alipata yule aliyeona kitu pembeni: saa ya mkononi kwa askari wa kale, jeraha lililohama kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto, maadui wanaorushwa na bomu huku wamekakamaa kama sanamu za dukani, kwa sababu walikuwa sanamu kweli.

Nimeyakumbuka haya kwa miaka mingi kama utoto tu. Nilikuja kuyafikiria upya baada ya babu yangu kuniomba nirudishe nyuma sinema nyingine, iliyopigwa huku huku kwetu kaskazini. Ili nieleze alichokuwa anakitafuta, inabidi kwanza nieleze tulichokuwa tunakiona kibandani, na kwa nini tulikiona.

*

Makosa ya sinema hayatokani na uzembe peke yake. Sinema haipigwi kwa mfuatano tunaouona. Kama nyumba moja inatumika mwanzoni na mwishoni mwa hadithi, matukio yote mawili yanaweza kupigwa siku moja, kwa sababu kukodi nyumba mara mbili ni hasara. Mtu anaweza kufa Jumatatu na kuzaliwa Alhamisi. Ndiyo maana katika kila kikosi kuna mtu ambaye kazi yake ni kuandika: sigara ilikuwa imefika wapi, kifungo kipi kilikuwa wazi, maji kwenye glasi yalikuwa kiasi gani. Sinema za mapigano ndizo zinazomtesa zaidi mtu huyu. Gari likipinduka leo, kesho linahitajika zima, damu inakauka, moto hauwashwi mara mbili kwa sura ile ile. Kamera nazo huwa zaidi ya moja, kwa sababu mlipuko haurudiwi, na kamera moja ikigeuka vibaya inamkuta mwenzake.

Kwa hiyo hata sinema zilizogharimu fedha nyingi mno zina vitu hivi. Katika Raiders of the Lost Ark ya 1981, Harrison Ford anatazamana uso kwa uso na swila, na kwenye kioo kilichowekwa kati yao ili asigongwe, kivuli cha nyoka kinaonekana. Katika Gladiator ya 2000, gari la farasi linapinduka uwanjani Roma na mtungi wa gesi unajitokeza nyuma yake, karne kumi na nane kabla ya wakati wake. Katika Pirates of the Caribbean ya kwanza, ya 2003, kuelekea mwisho kabisa, mtu aliyevaa kofia pana ya wachunga ng'ombe wa Marekani amesimama kwenye meli ya maharamia, anaangalia baharini, katulia. Ni mfanyakazi wa sinema. Hakuna aliyemwambia kwamba kamera inamwona.

Lakini kuna sababu nyingine, na hii inatuhusu sisi wa vibandani kuliko waliokaa kwenye kumbi za New York. Sinema nyingi za Marekani za miaka ile zilipigwa kwa picha yenye kimo kikubwa kuliko ile iliyoonyeshwa ukumbini. Ukumbini, sehemu ya juu na ya chini zilifunikwa ili picha iwe pana. Televisheni za zamani zilikuwa zinakaribia mraba, hivyo waliozihamishia sinema hizo kwenye kanda za video mara nyingi walikiondoa kile kifuniko na kuiacha picha nzima. Basi yale ambayo mwongozaji alihesabu kuwa hayataonekana yakaonekana: maikrofoni inayoning'inia juu ya vichwa vya wapenzi wawili, reli ya kamera sakafuni, kiatu cha fundi kinachojiondoa haraka kwenye kona. Mtu aliyeangalia sinema hiyo kwa mkanda wa VHS aliona zaidi ya yule aliyelipa dola kukaa kwenye kiti cha sponji.

Na Tanzania Bara ilikuwa nchi ya mkanda. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara haikuwa na kituo chake mpaka mwaka 1994. Deki za video zilitangulia kufika. Kwa watu wengi wa mji kama Babati, ulioko njia panda ya kwenda Arusha, Singida na Dodoma, picha inayotembea ilikuja kwanza kama kitu kinachoweza kusimamishwa na kurudishwa nyuma. Ukumbini picha inapita kama basi la moja kwa moja, ukichelewa umeachwa. Kwenye deki unaweza kumwambia dereva, shusha hapa, kuna kitu nimekiona.

Mikanda ya Jackie Chan ilitufundisha jambo jingine. Kwenye majina ya mwisho aliweka vipande vya makosa: anakosa kamba, anagonga goti, wenzake wanamkimbilia. Mwishoni mwa Armour of God, ya mwaka 1986, ilionyeshwa ile ajali iliyompasua fuvu, alipoanguka kutoka juu ya mti. Wenye vibanda walikuwa na tabia ya kuchomoa mkanda majina yanapoanza, ili waokoe mafuta ya jenereta. Kwa Jackie Chan hawakuthubutu, maana tungevunja mabenchi. Tulibaki tukiangalia watu wakiumia, na ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kwamba sinema ni kazi, na ina watu wanaoifanya kwa viungo vyao.

*

Miaka mingi kabla ya sisi kuzaliwa, watu wengine wa Afrika walishawahi kuona kosa kwenye sinema, na wakaitwa wajinga kwa sababu hiyo.

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, karibu na Korogwe, ulianzishwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Uliongozwa na Major L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham, na fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Mpaka mwaka 1937 mradi ulikuwa umetengeneza sinema 35, fupi fupi, za kufundisha kilimo, afya, kuweka akiba. Sauti iliwekwa kwenye santuri ili lugha iweze kubadilishwa kufuatana na mahali. Lori lenye mashine ya kuonyeshea lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini, na wakati watazamaji walipoangalia sinema, wenye mradi waliwaangalia watazamaji.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda kitengo cha sinema za makoloni, chini ya William Sellers, aliyekuwa mtumishi wa afya Nigeria. Yeye na wenzake walijenga nadharia nzima juu ya macho ya Mwafrika. Sinema ya Mwafrika iende polepole. Isirukeruke kutoka mahali hadi mahali. Isiwe na ufundi wa kamera, maana utamchanganya. Ilisimuliwa sana hadithi ya kijiji kilichoonyeshwa mbu mkubwa kwenye kitambaa, kwa ajili ya somo la malaria, na watu wakaondoka wamefarijika: kumbe tatizo ni la wenzao, huku kwetu hatuna mbu wa ukubwa ule. Hadithi ilirudiwa mahali pengi kiasi kwamba haijulikani ilitokea wapi, au kama ilitokea. Mimi nikiisikia nadhani kuna mzee aliyewatania wageni, nao wakaandika kwenye daftari.

Kisha kuna kuku. John Wilson, wa Chuo Kikuu cha London, aliandika mwaka 1961 kuhusu sinema moja ya mkaguzi wa afya. Ilionyesha, kwa mwendo wa konokono, jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama nyumbani: fukia dimbwi, okota kopo, weka mahali pake. Ilichukua kama dakika tano. Baadaye wakaulizwa wanakijiji, mmeona nini? Wakajibu kwamba wameona kuku.

Waliotengeneza sinema hawakujua kama ina kuku. Wakaupitia mkanda picha moja baada ya nyingine, na kweli, kwa muda wa kama sekunde moja, kuku aliyeshtuliwa anaruka kwenye kona ya chini, upande wa kulia. Mwaka uliofuata, 1962, Marshall McLuhan wa Canada aliichukua habari hiyo na kuiweka katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy, na tangu hapo kuku yule ameruka katika madarasa mengi ya vyuo vikuu kama ushahidi wa jambo moja: kwamba asiyejua kusoma vitabu hajui kutazama picha; macho yake hayaikusanyi picha nzima, yanatangatanga tu.

Mara ya kwanza niliposoma habari hii nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Watazamaji thelathini na kitu walikiona kitu ambacho mwongozaji, mpiga picha na mhariri, wote wenye mshahara, hawakukiona. Waliulizwa swali wakatoa jibu sahihi. Mkanda ulipokaguliwa, ukawathibitishia. Kama ingekuwa ni leo, na mtazamaji ni kijana wa Nairobi mwenye kompyuta, tungesema ana jicho kali. Nadharia ingeweza kuandikwa upande wa pili pia: kwamba mtaalamu anaona tu kile alichokusudia kuonyesha.

Na kuku alikuwa anasema nini? Kwamba picha hii ilipigwa kwenye ua wa mtu. Kwamba kulikuwa na mashine na wageni wakimshtua kuku wa mwenye nyumba. Mkaguzi alitaka kuonyesha ua wa mfano, ua wa somo. Kuku aliurudisha ukawa ua wa kweli, wa mtu fulani, siku fulani.

*

Mwaka huo huo wa 1962 ndipo ilipotoka sinema ya babu.

Inaitwa Hatari!, kwa Kiswahili hivyo hivyo, na alama ya mshangao. Mwongozaji ni Howard Hawks, kampuni ni Paramount, steringi ni John Wayne, na kati ya wenzake wamo Mjerumani Hardy Krüger na Mwitaliano Elsa Martinelli. Hadithi haina uzito mkubwa: kikundi cha Wazungu kinakamata wanyama wa mbugani na kuwauza kwa hifadhi za wanyama za nje. Wanakamata twiga, nyati, pundamilia, na tangu mwanzo hadi mwisho wanamtafuta faru. Muziki wa Henry Mancini, ule wa watoto wa tembo, mpaka leo unasikika kwenye matangazo bila watu kujua umetoka wapi.

Ilipigwa kaskazini mwa Tanganyika kuanzia mwishoni mwa 1960 hadi mwaka 1961, na eneo la Ziwa Manyara likiwa mojawapo. Ukitoka Babati kwenda Arusha, ukishapita Magugu na kukaribia Minjingu, ziwa hilo lipo upande wako wa kushoto. Matukio mengi ya ndani ya nyumba yalipigwa baadaye studio Hollywood, na ukikaa karibu na kioo unalihisi badiliko hilo: nje kuna vumbi linaloingia mpaka kwenye meno ya waigizaji, ndani hakuna hata nzi.

Hawks alijivunia jambo moja: kwamba ukamataji wa wanyama ulifanywa na waigizaji wenyewe, pasipo mtu wa kuwawakilisha kwenye hatari. Mshauri wao alikuwa Willy de Beer, mkamataji mwenye leseni. Wakati wa kupiga picha, faru waliyemkamata aliponyoka kweli, wakamkimbiza na kumkamata tena, na Hawks akaliacha tukio lile ndani ya sinema. Inasimuliwa pia kwamba sauti nyingi za matukio hayo zilirekodiwa upya, kwa sababu John Wayne alikuwa anatukana matusi ya nguoni wakati anahangaika na wanyama. Kwa hiyo sehemu bora ya sinema hiyo ni ajali iliyoachwa, na matusi yaliyofutwa.

Mjomba wangu alinunua diski yake Arusha, mwaka 2004 kama sikosei, akaileta nyumbani Babati kama kichekesho: njooni muone Wazungu wanakimbizana na faru hapo Manyara. Tulikaa sebuleni, wajukuu chini, babu kwenye kiti chake. Babu hakuwa mtu wa sinema. Hakumjua John Wayne, na hakuonyesha nia ya kumjua. Alichofanya ni kusahihisha ardhi. "Hapa si pale," alisema, gari lilipoanza kumfukuza mnyama kwenye nyasi fupi na kumaliza kwenye miti ya migunga. "Wametoka huku, wametokea kule. Huyo mnyama amekimbia siku mbili?" Sisi tukacheka, na mimi nikaona fahari isiyo na kifani, maana niligundua kwamba mchezo wa kibandani umo kwenye damu ya ukoo.

Kisha akasema, "Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha. Lori la wakamataji linakata nyika. Mbele wamekaa wenye majina. Nyuma wamesimama watu wawili au watatu, Waafrika, wameshika mabomba, na mmoja wao ana kofia.

"Tena."

Nikarudisha tena. Mara ya tatu alisogea mbele mpaka mkono wake ukafunika kona ya televisheni.

"Anasimama kama yeye," alisema. Halafu akarudi kitini. "Endelea."

Ni bibi aliyetueleza usiku, jikoni. Babu alikuwa na kaka yake. Aliondoka Babati na lori la mahindi mwaka ule wa kabla ya uhuru, akisema kuna Wazungu Arusha wanatafuta vijana wa kazi ya wanyama, na wanalipa kwa wiki. Alirudi mara moja, na shati jipya na hadithi ambazo hakuna aliyeziamini. Akaondoka tena, akafia mbali, kwa homa. Hakuna picha yake hata moja. Babu alikuwa amebaki na ile namna yake ya kusimama tu, mguu mmoja mbele, kama mtu anayesubiri kuitwa.

*

Nimeiangalia Hatari! mara nyingi tangu siku ile, na siwezi kukuambia kwamba yule ni kaka wa babu. Mtu mwenye kofia anaonekana kwa sekunde mbili, vumbi limemfunika hadi kifuani. Nimesoma majina ya mwisho polepole. Waafrika wachache waliopewa cha kusema wamo kwenye orodha za waigizaji. Wengi waliobaki, walioruka kutoka garini na kamba, waliofunga miguu ya wanyama, walioshikilia kreti, hawana jina popote. Hata hivyo hawakufichwa. Wamo katikati ya picha mchana kweupe. Mtazamaji hakuandaliwa kuwatazama, basi. Ni kama yule mtu wa kofia kwenye meli ya maharamia, tofauti ikiwa kwamba yeye alipoonekana ilihesabiwa kuwa kosa, na dunia nzima ikataka kujua ni nani.

Ukiiangalia Hatari! kwa jicho la kibandani, pembeni yake kuna nchi nzima. Wakati kamera zinazunguka, Nyerere alikuwa tayari anaongoza serikali ya ndani tangu Septemba 1960. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, kabla sinema haijatoka. Ndani ya sinema hakuna dalili kwamba lolote linakaribia kutokea. Lakini barabara za Arusha zipo, zilivyokuwa kabla hatujazibadilisha majina. Wapo watu waliosimama kando wakishangaa watoto wa tembo, na sidhani wote walikuwa wanaigiza. Na wapo faru. Faru wa Ziwa Manyara waliisha kwa ujangili wa miaka ya 1970 na 1980. Yule aliyeponyoka na kukamatwa mara mbili, kwa makosa na kwa kweli, amebaki akikimbia kwenye diski ya mjomba.

Siku hizi makosa yanafutwa. Mei 2019, kikombe cha kahawa kilisahaulika mezani katika sehemu moja ya Game of Thrones. Dunia ikacheka, na ndani ya siku chache HBO wakakiondoa kwa kompyuta. Mwaka 2017, James Cameron aliporudisha kumbini Terminator 2 ya 1991, sura ya mtu aliyeruka na pikipiki badala ya Arnold ilifunikwa kwa sura ya Arnold. Najua kwa nini walifanya hivyo. Mwenye kazi ana haki ya kusafisha kazi yake. Lakini mtu yule aliruka. Kwa miaka ishirini na sita, aliyekuwa na deki na subira aliweza kusimamisha mkanda na kuiona sura ya aliyeruka kweli.

Kwa jirani zetu wa Kampala njia ni nyingine. Pale Wakaliga, Isaac Nabwana na wenzake walitengeneza Who Killed Captain Alex?, iliyojulikana tangu 2010, kwa silaha za kuchomelea vyuma na helikopta za kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe. Ndani ya sinema kuna sauti ya VJ Emmie, anayecheka, anayemsifu steringi, anayewatania watazamaji. Ni sauti ile ile ya kibandani, imeingizwa kwenye mkanda wenyewe. Hakuna anayejifanya kwamba sinema ilijitengeneza. Nabwana alifuta mafaili ya awali ili apate nafasi ya sinema iliyofuata, kwa hiyo nakala iliyobaki ndiyo yenye VJ. Ukitaka kumwona Captain Alex, lazima umsikie na mtu anayemtazama.

Kibanda chetu hakipo tena. Pale alipokuwa mwenye kibanda na deki yake pana duka la vifaa vya simu, na vijana wanaokaa mbele yake wanaangalia sinema kiganjani. Nimewasikia wakibishana juu ya kioo cha gari kilichovunjika na kurudi. Mmoja akavuta picha nyuma kwa kidole, bila kelele za panya. Mchezo unaendelea.

Babu alifariki mwaka 2011. Diski ilishakwaruzika, lakini niliihamisha mapema kwenye kompyuta, na mara moja kwa mwaka, shangazi zangu wakija kwa ajili ya kumwombea, kuna mmoja atakayesema tuwekeeni ile ya kaka wa baba. Hatusemi "Hatari". Hatusemi "ya John Wayne". Watoto wanaosubiri faru wanaambiwa watulie, faru anakuja.

Lori linakata nyika. Yule wa kofia ameshika bomba kwa mikono miwili, mguu mmoja mbele. Kabla kamera haijamgeukia mwenye jina, shangazi mkubwa, ambaye miwani haimsaidii tena, ananigusa bega.

"Rudisha nyuma kidogo," anasema. "Mtoto hajamwona."